Furaha Niliyoipata Nikiwa Bado Nalia

Mtu akifiwa, akiugua au akipoteza kazi, hachelewi kuletewa maneno ya Habakuki: mtini usipochanua, zizini pasipokuwa na kondoo, «walakini nitamfurahia BWANA». Nami nililetewa, tena na watu wanaonipenda. Ni maneno ya kweli na leo nayapenda mno. Ila wengi wanaoyanukuu huanzia sura ya 3, na nabii hakuanzia hapo.

Kitabu chake kina sura 3 tu, na kinafunguka kwa lalamiko: «Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?» Anaona dhuluma imejaa na haki haitokei. Mungu anamjibu, na jibu lenyewe linamzidishia hofu, kwani anaambiwa Wakaldayo, jeshi kali la Babeli, wanakuja. Analalamika tena, kisha anapanda mnarani kungoja ataambiwa nini. Katika sura ya 3, mstari wa 16, tumbo bado linamtetemeka na midomo inamtikisika. Kufika mstari wa 18 anamshangilia Mungu. Kati ya kutetemeka na kushangilia kuna mstari mmoja, nao ni orodha ya vitu vyote atakavyovikosa. Hakuna hata kimoja alichorudishiwa.

Niliyaelewa haya mume wangu alipougua. Ugonjwa ulichukua muda mrefu, akiba yetu ikaisha, na hatimaye tukamzika. Miezi yote ile nilikwenda ibadani, nikaitikia kama wengine kwamba Mungu ni mwema, na niliamini hivyo, lakini ndani nilikuwa mkavu kabisa. Usiku mmoja, kabla hajafariki, niliomba bila kuchagua maneno. Nilimwambia Mungu nimechoka, naogopa, na naona amekawia. Nikalia mpaka nikanyamaza. Mgonjwa hakupona, wala sikusikia sauti yoyote. Lakini nililala, na nilipoamka nilikuwa na hamu ya kuomba tena, hamu ambayo ilikuwa imenipotea kwa muda mrefu. Kwangu furaha ilianzia hapo, katika kujua kwamba nimemwambia Baba yangu yote na bado mimi ni mtoto wake.

Kwa hiyo, mpendwa unayepita katika jaribu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: mlilie Mungu kabla ya kujilazimisha kumshangilia. Ukikosa maneno, azima ya Zaburi, na uisome kwa sauti. Anza na ya 13, inayouliza «hata lini» mara nne katika mistari miwili. Nenda ya 42, ambamo mtu anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama. Siku ikiwa nzito mno, soma ya 88. Hiyo inaishia gizani, bila neno la sifa mwishoni, na juu yake imeandikwa kuwa ni wimbo wa wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni, kwa mwimbishaji. Yaani watu wa Mungu waliiimba pamoja, katika ibada. Nilipolitafakari hilo nilifarijika sana: Mungu ameihifadhi katika Neno lake sala ya mtu ambaye bado hajaona mwanga.

Wengine huogopa kwamba kulia ni kukosa imani. Soma waraka kwa Wafilipi polepole. Paulo yuko kifungoni, na ndiye anayesema «Furahini katika Bwana sikuzote». Lakini katika sura ya 2 ya waraka huohuo anasimulia jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua karibu ya kufa, na kwamba Mungu alimponya ili yeye Paulo asipate «huzuni juu ya huzuni». Furaha yake na huzuni yake zilikaa katika moyo mmoja. Bwana Yesu mwenyewe alilia alipokuwa akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro, hali akijua anakwenda kumfufua.

Furaha hii haikunifanya mchangamfu. Kuna siku nilikuwa nafua nguo za mgonjwa nikajikuta naimba pambio, machozi yakinitoka, na sikutaka kuacha kuimba. Hali yetu ilikuwa ileile. Nilijua tu kwamba sijaachwa, na kujua huko kulikuwa na utamu.

Usiusahau mwili pia. Nabii Eliya alipoomba afe, chini ya mti wa mretemu, Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa, akamwambia ainuke ale. Akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, na mazungumzo yakaja baadaye kule mlimani Horebu. Kula na kulala vilinisaidia nisali. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa majuma, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru, mwone daktari na umwambie mtu wa karibu leo hii. Kutibiwa hakupingani na imani.

Jambo jingine limo katika Nehemia 8:10, mahali tunapopenda kunukuu kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu. Mstari huo, kabla ya kufika hapo, unawaambia watu waliokuwa wakilia waende wakale, wakanywe, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Baada ya mazishi nilianza kumtembelea mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe. Sikuwa na fedha za kumpa. Nilikaa na mgonjwa ili mama alale kidogo. Nilirudi nyumbani nimechoka, lakini moyo ulikuwa umepata nafasi ya kupumua.

Na ninyi mnaokwenda kufariji, tafadhali, msimharakishe mtu. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku 7 za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake ndipo walipomuumiza. Aliyenisaidia kuliko wote alikuwa dada mmoja wa kwaya. Alikuja, akaosha vyombo, akakaa kando yangu, na nilipomwambia sina nguvu ya kuomba akasema, «Basi pumzika, leo nitakuombea mimi.» Akaomba kwa maneno machache na akaahidi kurudi kesho yake. Na kweli alirudi.