Barua kwa mwanangu: siku sita za milima ukilala Sofia

Moshi, Juni 2026

Mwanangu mpendwa Neema,

Marahaba, mama. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza haraka kwa furaha ya kupata habari zako, na mara ya pili nikiwa nimevaa miwani na kushika kalamu, kwa sababu niliona umeniuliza jambo linalohitaji jibu la mtu aliyetulia. Unasema umepata likizo ya siku sita katikati ya Septemba, kwamba zamu za usiku wodini zimekuchosha, na kwamba unataka kwenda mji mkuu mmoja wa Ulaya ulio karibu na milima, ulale mjini na mchana ushinde mlimani. Umeniwekea majina matatu, yaani Ljubljana wa Slovenia, Bern wa Uswisi na Sofia wa Bulgaria, ukaniuliza uende wapi na ujipangeje, kisha ukaongeza kwa utani kwamba unajua nitasema Sofia kwa kuwa ndiko nilikosomea misitu. Nitasema Sofia kweli, lakini nipe nafasi nikueleze sababu ambazo si za mzee kukumbuka ujana wake.

Ljubljana ni mji mzuri, na Triglav, wenye mita 2,864, ni mlima ambao Waslovenia wameuweka hata kwenye bendera yao. Lakini kuifikia milima mikubwa ukitokea mjini hapo ni safari ya basi, na ukienda upande wa ziwa Bohinj utatumia karibu saa mbili. Ukiwa Bern, milima ya Alps unaiona kwa mbali siku anga ikiwa safi, halafu unaifuata kwa treni, na bei za Uswisi unazijua kuliko mimi. Sofia ni jambo jingine. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 550 hivi, na mlima Vitosha unaanzia pale nyumba za mwisho zinapoishia, ukapanda hadi mita 2,290 kwenye kilele kiitwacho Cherni Vrah, yaani Kilele Cheusi. Asubuhi unapanda treni ya chini ya ardhi hadi mwisho wa njia upande wa kusini, unaunganisha na basi la mjini, na muda si mrefu uko msituni. Hakuna lango, hakuna kiingilio, hakuna mwongozaji wa lazima wala wagumu wa kukubebea mzigo. Hapa kwetu mtu anaweza kuishi chini ya Kilimanjaro miaka sabini bila kukifikia kilele chake, kwa maana mlima wetu una taratibu zake na gharama zake. Kule nilimwona bibi mwenye mvi akishuka na kikapu cha uyoga kama anayetoka shambani.

Sasa nije kwenye mpango wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Umeniandikia ratiba ambayo kila siku imeshapewa jina la mahali: Jumatatu huku, Jumanne kule. Ifute, mwanangu. Chukua chumba kimoja Sofia kwa siku zote, karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi, kisha andika matembezi yako kwa makundi matatu: yale yanayohitaji anga safi kuanzia asubuhi hadi jioni, yale yanayovumilia mawingu, na yale ya siku ya mvua. Kila jioni tazama utabiri wa hali ya hewa wa mlimani, si wa mjini, ndipo uamue kesho utakwenda wapi. Nimechagua neno "wa mlimani" kwa makusudi, kwa kuwa joto hupungua kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita elfu moja unazopanda, na kutoka katikati ya Sofia hadi Cherni Vrah kuna tofauti ya mita zaidi ya 1,700. Watu mjini wakiwa na mikono mifupi, wewe juu utakuwa kwenye joto lililo chini ya lao kwa nyuzi kumi, na upepo bado hujauhesabu.

Septemba ni mwezi mzuri kwa jambo hilo. Julai na Agosti mawingu hujikusanya baada ya saa sita mchana na radi hupiga kwenye vilele, na katika milima ya Rila, iliyo kusini mwa Sofia, theluji ya majira ya baridi hubaki kwenye mabonde ya juu hadi Juni. Septemba hewa hutulia, ingawa ukungu hauna mwezi wake. Ukiweza, uwe umekwisha kuondoka kabla ya tarehe 22, ambayo ni sikukuu yao ya uhuru, kwa sababu siku za mapumziko nusu ya mji huhamia mlimani.

Kuhusu ukungu nakueleza lililonipata, jambo ambalo mama yako amelisikia mara nyingi mpaka huondoka chumbani nikianza. Ilikuwa Oktoba, mwaka wangu wa pili. Mimi na mwenzangu, kijana kutoka Ethiopia, tulitoka bwenini jua likiwaka, tukiwa na viatu vya mjini na mkate mmoja, tukapanda hadi Cherni Vrah bila shida yoyote. Tulipogeuka kushuka, wingu liliingia kama mtu aliyefunga pazia, na ndani ya dakika chache sikuweza kuziona ncha za viatu vyangu. Sehemu ya juu ya Vitosha ni uwanda mpana wa majani na mawe. Hauna bonde la kukuonyesha njia, kila upande unafanana na mwingine. Kilichotuokoa ni nguzo ndefu zilizosimikwa kwa mstari kuonyesha njia wakati wa theluji. Mmoja wetu alibaki ameshika nguzo akiita, mwingine akasonga mbele kuitafuta inayofuata, akiipata anaita naye, na hivyo tukashuka, nguzo kwa nguzo, tukitumia saa tatu mahali ambapo mtu hutumia saa moja. Kosa lilikuwa letu kabisa. Tuliudharau mlima kwa sababu ulionekana kutoka dirisha la bweni.

Basi siku yako ya kwanza, hata anga ikiwa safi, usikimbilie kilele. Nenda Boyana, kitongoji kilicho chini ya Vitosha, ulione kanisa dogo lenye michoro ya ukutani ya mwaka 1259 ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Watu huingizwa wachache wachache na hukaa ndani dakika kama kumi tu, ili pumzi zetu zisiiharibu. Ukitoka hapo, njia ya miguu inapanda msituni hadi maporomoko ya Boyana, na ni mteremko mkali wa kutosha kukuambia miguu yako iko katika hali gani baada ya miezi ya kusimama wodini. Matembezi hayo yanavumilia mawingu. Vivyo hivyo Zlatnite Mostove, yaani Madaraja ya Dhahabu, ambapo mawe makubwa ya mviringo yamejipanga kwenye mteremko kama mto, na maji yenyewe unayasikia yakipita chini yake bila kuyaona.

Siku ya pili yenye anga nzuri ndiyo ya Cherni Vrah. Njia nyepesi ni kufika kwanza Aleko, nyumba ya wapanda mlima iliyo kwenye mita 1,800 hivi, kisha kutembea kama saa moja na nusu hadi juu. Ipo njia ya kupanda kwa miguu tangu Dragalevtsi, kitongoji kingine chini ya mlima, ukiupita utawa wa zamani ulio msituni, na kwa maoni yangu ndiyo bora, kwa kuwa unaziona tabaka za msitu zikibadilika, misonobari ikichukua nafasi ya miti ya majani mapana. (Utanisamehe, fani ya mtu haistaafu.) Vigari vinavyoning'inia kwenye waya vipo kwa upande wa Simeonovo, lakini usiijenge siku yako juu yake, maana vina siku zake za kufanya kazi na vina siku za matengenezo, uliza siku iliyotangulia. Kuhusu jina la Aleko, ni la mwandishi Aleko Konstantinov, aliyewaita watu wa Sofia wapande mlima wao mwaka 1895, wakajitokeza watu wapatao mia tatu, na Wabulgaria huhesabu siku ile kuwa mwanzo wa desturi yao ya kutembea milimani. Sura yake ilikuwa kwenye noti ya leva 100. Sasa nasikia noti zenyewe zimekwisha, kwani tangu Januari mwaka huu wanatumia euro, jambo ambalo kwako ni nafuu.

Siku iliyo safi kuliko zote iwekee Rila. Hapa kuna mambo mawili na ninakushauri uchague moja, usiyashike yote. La kwanza ni Maziwa Saba, yaliyopangana kwa ngazi kati ya mita 2,100 na 2,500 hivi, kila moja likiwa na jina lake: kuna Chozi, kuna Jicho, kuna Figo. Viti vya waya vinakupandisha kutoka Pionerska hadi kwenye nyumba ya wapanda mlima iliyo karibu na ziwa la chini, na kuanzia hapo unazunguka kwa saa nne au tano ukipumzika. Tatizo lake ni usafiri. Ukitumia mabasi ya kawaida utabadilisha Dupnitsa na Sapareva Banya kisha utafute teksi, na siku itakuishia njiani. Ni afadhali ulipie nafasi kwenye gari la pamoja linaloondoka Sofia alfajiri, mradi iwe siku ya kazi, maana mwishoni mwa juma njia ile hujaa kama soko la Mbuyuni.

La pili ni Musala, wenye mita 2,925, kilele kirefu kuliko vyote katika rasi ya Balkani. Unakwenda Samokov kwa basi, halafu Borovets, na kutoka huko vigari vya waya vikiwa vinafanya kazi vinakufikisha Yastrebets, kwenye mita zaidi ya 2,300. Vikiwa vimesimama, acha Musala, kwa sababu kupanda na kushuka kwa miguu tangu Borovets ndani ya siku moja ni kujitesa. Urefu wake ni karibu nusu kamili ya Uhuru, hivyo kichwa hakitakusumbua sana, ila mwinuko wa mwisho ni wa mawe matupu na upepo wake hauna huruma. Ningekuwa mimi, kwa miguu iliyochoka kama yako, ningechukua maziwa. Musala ungebaki kuwa sababu ya kurudi.

Siku ya mvua usibishane nayo. Nenda katikati ya mji, ambako jirani na jengo la zamani la mabafu kuna mabomba ya maji ya madini yanayotoka yakiwa ya moto, na wenyeji huja na madumu yao kuteka kama sisi tulivyokuwa tukifanya kabla ya bomba kuingia ndani. Kula banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, na mtindi wao, ambao hata mama yangu marehemu, aliyejua maziwa ya mgando, angeusifu.

Yaliyobaki ni madogo lakini usiyaruke. Alama za njia huchorwa kwenye miti na mawe kwa mstari mmoja wa rangi, nyekundu, buluu, kijani au njano, ukiwa katikati ya mistari miwili myeupe. Ukitembea robo saa bila kuiona, rudi ulikotoka, usisonge mbele kwa matumaini. Jifunze herufi za Kisirili, wanazoandikia Wabulgaria, kabla ya kuondoka, jioni tatu zinatosha, kwani vibao vingi vya zamani havina herufi nyingine. Beba koti la mvua, sweta, tochi ya kichwani na ramani iliyokwisha kupakuliwa kwenye simu, na jipange uwe umeshuka kabla ya saa moja jioni. Vaa suruali ndefu sehemu za chini zenye majani, halafu jikague kupe usiku. Namba ya dharura ni 112, na waokoaji wa mlimani wako chini ya Msalaba Mwekundu wa huko; hata hivyo hakikisha bima yako ya safari inataja uokoaji wa milimani kwa maneno, usikubali kuambiwa "imo ndani". Hati ya kusafiria uende nayo pamoja na kadi yako ya ukaazi ya Ujerumani. Bulgaria, kama Ujerumani, imo katika eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hivyo viza nyingine huhitaji.

Tena, kwa kuwa utakwenda peke yako: mwachie mtu wa mapokezi karatasi yenye jina la njia na saa ya kurudi, na nitumie mimi pia. Usiku huo sitalala mpaka nione ujumbe wako, lakini hilo ni langu.

Jambo la mwisho ni kichwa. Mbulgaria akikutikisia kichwa kulia na kushoto, mara nyingi anasema ndiyo. Wiki zangu za kwanza niliingia kwenye nyumba moja ya mlimani nikauliza kama kuna supu ya maharage, mpishi akatikisa kichwa, nikashukuru nikatoka na njaa yangu, naye akabaki mlangoni ameshika bakuli akinishangaa. Kwa hiyo sikiliza neno: "da" ni ndiyo, "ne" ni hapana.

Mama yako anasema uchukue soksi za sufi. Mimi naomba pakiti moja ya chai ya mlimani, ile ya majani makavu yenye vijiti vyake, na picha ya zile nguzo juu ya Vitosha kama bado zimesimama.

Akupendaye,
Baba yako