Shehe, naweza kumusaidia mama kukamua kasiksi (pombe ya ndizi)?

Swali: Asalaam aleikum Shehe. Niko Bukavu, niliingia Uislamu sasa ni miaka 2. Mama yangu ku Kabare anatengeneza kasiksi, na ni hiyo njo ilitusomesha siye wote. Mu likizo anataka nimusaidie kukamua na kushusha bidoni mpaka soko ya Kadutu. Kaka yangu iko Marekani, anasema kule leta (serikali) yenyewe inaruhusu batu kujitengenezea biere mu nyumba, sasa ubaya iko wapi? Mimi sinywi, ni kubeba tu. Na zile bidoni, naweza kuwekamo maji ya kutawaza?

Jibu: Wa aleikum salaam dada yangu. Nianze na kaka yako, juu kile anasema ni kweli. Marekani ilikataza pombe inchi nzima tangu 1920 mpaka 1933, kisha 1978 raisi Carter akatia sainyi sheria inayoachilia mutu mukubwa atengeneze biere yake nyumbani, galoni 100 ku mwaka, na nyumba yenye bakubwa wawili 200. Hizo 200 ni kama lita 757, bidoni za lita 20 ni 37 na kitu. Lakini ni ya kunywa, haiko ya kuuzisha, na pombe ya kuchemusha kama hii kanyanga yetu, hata kule ukiipika nyumbani ni kosa ya kufungisha mutu. Vuka Ruzizi tu hapa, Rwanda inahesabia kanyanga pamoja na madawa ya kulevya. Leta inaangalia kodi, kiasi, na kama itaua batu. Dini inauliza kitu kimoja tu, inalewesha ao hapana?

Kuna wetu (na banasali!) banasema khamri, ile pombe iliyokatazwa mu Kurani, ni ya zabibu, ndizi haikutajwa. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya pombe ya asali na ya shayiri zenye batu ba kule balikuwa banatengeneza, akajibiwa kila chenye kulewesha ni haramu. Hakuulizwa imetoka ku tunda gani.

Sasa kubeba. Mu hadithi ya batu 10 waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mwenye kukamua iko ndani, mwenye kubeba iko ndani, mwenye kuuzisha na mwenye kula bei yake pia. Kwa hiyo kutokunywa haikutoshe dada, samahani.

Lakini usimukimbie mama. Ndizi zikitoka mu shimo zimeiva, zikakamuliwa na nyasi mu ule mutumbwi wa mti, kile kinachuruzika kwanza ni mutobe, tamu tu, halali kabisa. Inageuka pale anapotia unga ya mtama ya kukaanga na kufunika, asubuhi unakuta povu na inachemuka bila moto. Mtume alikuwa analowekewa zabibu mu maji, anakunywa ile siku na kesho yake mpaka mangaribi ya siku ya tatu, ikibakia inamwangwa. Donc ongea naye mbele ya likizo, mwambie utakamua naye mutobe wa kuuzisha ile ile asubuhi, na huo utaubeba hata wewe mwenyewe ku kichwa mpaka Kadutu. Najua mutobe haileti makuta kama kasiksi na inaharibika mbio. Akikataa, mulimie shamba, muchotee maji, mutumie kitu kila mwezi, ila mikono yako isiingie mu ule mutama.

Minerval (makuta ya masomo) zilizolipwa zamani na kasiksi usizibebe ku roho, Uislamu unabomoa yaliyokuwa mbele yake, na masomo yako ni yako.

Ku bidoni: Mtume kwanza alikataza vyombo fulani vya pombe, nyuma akaviruhusu, akabakiza katazo ya kile kinacholewesha. Osha na maji moto na sabuni, tia na muchanga kidogo utikise juu ile harufu ya kasiksi inashikaka mu plastiki, ikiisha jaza maji, utawaze.