Kumpata mwalimu wa kukuandaa kwa DALF C1

Dada yangu, kwa kuwa umeshafaulu mtihani wa Kifaransa wa kiwango cha B2 na sasa unatafuta mwalimu wa binafsi hapa Nairobi wa kukuandaa kwa DALF C1, yaani mtihani wa Kifaransa wa kiwango cha juu kinachofuata, ningekushauri uanzie Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, pale Loita Street, uulize iwapo yupo mwalimu mwenye idhini ya kusahihisha mtihani huo, kwa maana kuzungumza Kifaransa vizuri ni jambo moja na kujua watahini wanatafuta nini ni jambo jingine kabisa.

Kabla ya kukubaliana malipo, mwombe akusahihishie muhtasari mmoja, ule unaotakiwa katika mtihani, wa maneno takriban 220 unaounganisha hoja za matini kadhaa bila kuingiza maoni yako. Mwalimu anayerekebisha sarufi pekee, asiguse mpangilio wa hoja, hakufai hata akiwa mzaliwa wa Paris.

Usikubali pia vipindi vyote viwe vya mazungumzo: kufaulu kunahitaji alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote ya zile nne (kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza), umeanguka. Ukikosa mtu Alliance, waulizie wahadhiri wa Kifaransa wa Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Kenyatta.