Ndege inayopinduka angani kwenye Kerbal: tatizo liko hangarini, si kwenye vidole vyako

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, na tatizo hilo nalijua kwa jina lake, maana lilinitesa miezi kadhaa.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu anacheza Kerbal Space Program, mchezo wa video wa kuunda na kurusha roketi na ndege, kwenye PS4. Ndege yake ina chumba cha rubani cha Mk1, nyuma yake matangi mawili ya mafuta, mkiani injini moja ya Wheesley, na karibu na pua ameweka vibawa viwili ili pua inyanyuke upesi. Kwenda kwenye kazi za kupima joto inaruka shwari. Kurudi, matangi yakiwa yamebaki na robo, akigeuza kidogo tu ndege inapinduka, mkia unatangulia mbele, na hairudi tena. Isitoshe, ikiwa bado chini inayumba kushoto na kulia kabla ya kupaa. Ameshauriwa aongeze magurudumu ya msokoto, yale ya ndani yanayotumia umeme kuigeuza ndege, na asizime kamwe SAS, yaani mfumo wa mchezo unaoshikilia mwelekeo wa ndege.

Ushauri huo mimi siukubali. Niliufuata mwenyewe na ukanipotezea muda.

Nacheza kwenye konsoli tangu 2018, toleo la konsoli liitwalo Enhanced Edition lilipotoka. Sisi huku hatuna modi kama wenzetu wa kompyuta, kwa hiyo hakuna programu ya pembeni itakayotupigia hesabu. Tunayo mipira mitatu ya rangi pale hangarini, jengo la mchezo la kuundia ndege: wa njano ni kitovu cha uzito, wa buluu ni mahali mabawa yanaponyanyulia, wa zambarau ni mahali injini inaposukumia. Ukiielewa mipira hiyo na kujua inapokuficha jambo, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nimekulia Tanga, na kila mtoto aliyewahi kurusha tiara anajua kwamba tiara isiyo na mkia wa kitambaa inazunguka hovyo na kuanguka. Mkia ule haunyanyui kitu. Kazi yake ni kukokotwa na upepo kwa nyuma, na ule ukokotwaji ndio unaoielekeza tiara. Unyoya wa mshale nao kazi yake ni hiyo hiyo: uzito uko mbele kwenye chembe, unyoya unashikwa na hewa nyuma. Ukiufunga unyoya mbele, mshale utageuka hewani mpaka unyoya urudi nyuma. Ndege yako ikipinduka inafanya jambo hilo hilo. Haijaharibika. Imegundua kwamba kizito sasa kiko nyuma na kinachoshikwa na hewa kiko mbele, ikajipanga upya.

Sasa kwa nini kwenda inaruka vizuri? Mafuta. Tangi moja la Mk1 hubeba vizio 400, na kila kizio kina kilo 5. Matangi yako mawili yakijaa ni tani 4 za mafuta, zote zikiwa mbele ya injini. Wheesley yenyewe ni tani 1.5, na iko mwisho kabisa wa mkia. Ukiondoka, zile tani 4 zinaizidi injini nguvu, mpira wa njano unakaa mbele, kila kitu sawa. Mafuta yakiungua yanabaki maganda ya matangi, robo tani kila moja, lakini injini haipungui hata kilo. Mpira wa njano unarudi nyuma polepole, dakika hadi dakika, mpaka unaupita ule wa buluu. Hapo ndege haijakupinduka bado, kwa sababu SAS inaishika. Unageuza kidogo, pua inatoka kwenye njia, hewa inaisukuma itoke zaidi, SAS inaishiwa nguvu. Kwisha habari.

Mimi nililigundua hili usiku mmoja baada ya kupoteza ndege ya tatu juu ya bahari, nikielekea ule uwanja wa zamani wa kisiwani, zaidi ya kilomita 30 mashariki-kusini mwa KSC, kile kituo cha mchezo tunakopaa. Safari zile mbili za mwanzo nilijilaumu kwamba nimevuta kijiti kwa pupa. Mara ya tatu niliusimamisha mchezo ndege ikiwa inazunguka, nikafungua matangi moja moja nikaona yamebaki kiasi gani. Nikarudi hangarini, nikashusha mafuta mpaka kiwango kile kile, nikatazama mpira wa njano. Ulikuwa nyuma ya wa buluu kwa upana wa kiganja. Nilikaa nimeduwaa. Ndege ilikuwa na kasoro tangu siku niliyoiunda, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiificha.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Ingia hangarini, washa mipira ya njano na buluu, fungua kila tangi na uvute kiwango cha mafuta mpaka sifuri. Tazama mpira wa njano unasafiri kutoka wapi mpaka wapi. Safari yote hiyo inatakiwa iishie mbele ya mpira wa buluu. Kidogo tu mbele, lakini mbele. Ukizidisha, pua inakuwa nzito na utavuta kijiti mpaka mwisho bila ndege kunyanyuka.

Ikiwa wa njano unauvuka wa buluu, dawa ya haraka ni kusogeza mabawa makubwa nyuma. Dawa bora ni kuyapanga matangi yauzunguke mpira wa njano, moja mbele yake na jingine nyuma yake, ili mafuta yaishe bila kitovu kuhama. Ndege zangu zote za safari ndefu sasa naziunda hivyo, na zile ambazo umbo haliruhusu naziwekea injini mbili ndogo ubavuni kwenye mabawa badala ya moja nzito mkiani.

Vile vibawa vya puani vitoe. Najua vinapendeza na vinanyanyua pua mapema. Lakini kila bawa unaloweka mbele linauvuta mpira wa buluu mbele, yaani linafanya kazi ya unyoya uliofungwa kwenye chembe ya mshale. Akina Wright, wale ndugu wa ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa na usukani wa kupandia mbele kwenye ndege yao ya Desemba 17, 1903, na ndege ile ilipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Safari ndefu kuliko zote siku hiyo ilikuwa sekunde 59. Vibawa vya mbele vinawezekana, nimeviona kwenye ndege nzuri, ila ni kwa mtu ambaye tayari ana ndege inayotulia.

Jambo ambalo hangari haikuambii: mpira wa buluu unahesabu mabawa, hauhesabu kiwiliwili kikishikwa na hewa. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2015 vipande vya kawaida vya mwili navyo vinasukumwa na hewa vikikaa mshazari. Ndege yenye pua ndefu na nene, hasa zile kubwa za Mk3, inaweza kuonyesha mipira iliyokaa sawasawa kabisa na bado ikapinduka. Kwa hizo naacha nafasi kubwa zaidi kati ya njano na buluu, na naongeza pezi la wima refu, mbali kabisa nyuma. Pezi la wima watu wanalisahau kwa sababu ukitazama mipira kwa ubavu huoni kosa lake. Ndege nyingi zinazosemwa zimepinduka kumbe zilianza kwa kuteleza kiubavu, halafu ndipo zikazunguka.

Kuhusu SAS. Watu hutoa mfano wa ndege ya kivita ya F-16, kwamba iliundwa makusudi isiwe tulivu na kompyuta ndiyo inayoishika. Ni kweli, na inaruka tangu 1974. Lakini kompyuta yake ilibuniwa pamoja na ndege yenyewe, kwa ajili ya ndege hiyo moja. SAS ya kwenye mchezo haikujui wewe wala mabawa yako. Inaona pua imetoka mahali ilipowekwa, inaisukuma irudi. Ukiipa vibapa vingi vya usukani vyenye nguvu, inasukuma kupita kiasi, inarudisha kupita kiasi, ndege inaanza kutetemeka. Ukiongeza na magurudumu ya msokoto ndiyo kabisa. (Na hakikisha aliyekaa mbele ni rubani, Jebediah au Valentina. Bob ni mwanasayansi, akiwa peke yake huna SAS hata kidogo.)

Mtetemo huo unaondoka ukigawa kazi. Mchezo unapokupa kibapa unakiacha kijibu kila amri: kupandisha pua, kugeuza pua kulia na kushoto, na kulaza bawa. Fungua kila kimoja uchague. Vya kwenye mabawa, karibu na ncha, vibaki na kazi ya kulaza tu. Vya mkiani vilivyolala, kupandisha na kushusha pua tu. Cha wima, kugeuza tu. Kisha punguza kikomo cha nguvu cha vile vya mkiani. Mimi huanza na nusu na kupanda taratibu nikiona ndege nzito. Sisi wa konsoli tuna bahati ambayo wengi hawaitumii: kijiti cha analogi kinakubali kusukumwa robo, nusu, kidogo kabisa, wakati kibonye cha kibodi ni yote au hakuna. Ndege iliyogawiwa kazi vizuri inaiitikia robo ile.

Pia mabawa ya mchezo huu ni bapa. Yakielekea sawasawa na upepo hayanyanyui chochote, ndiyo maana ukiachia kijiti pua inazama na SAS inafanya kazi muda wote. Yainue mabawa makuu kwa mbele digrii 5, kwa ule mzunguko mdogo wa hangarini. Kiwiliwili kitakwenda kimenyooka huku mabawa yakinyanyua, na hewa itakikokota kidogo badala ya kukikokota sana.

Kuyumba chini kwanza angalia magurudumu yamesimama wima. Ukiyabandika kwenye mwili wa mviringo yanakaa mshazari bila kuonekana. Yatazame kwa mbele na kwa juu, yazungushe mpaka yawe sambamba. Halafu kanuni ni ile ile ya tiara: gurudumu la mbele likishika ardhi kuliko ya nyuma, mkia unataka kupita mbele. Punguza breki ya mbele, punguza na mshiko wake, usukani ubaki kwenye gurudumu la mbele peke yake. Magurudumu ya nyuma yakae nyuma kidogo ya mpira wa njano. Yakienda mbali sana nyuma, pua haitanyanyuka mpaka njia ya kurukia iishe chini yako.

Ukimaliza yote, usiiamini ndege mpaka uijaribu. Weka mafuta sehemu moja ya kumi, paa, panda mpaka mita 3,000, punguza injini nusu, zima SAS. Vuta pua juu kidogo, achia kijiti, hesabu mpaka kumi. Ikirudi yenyewe, hata kwa kupanda na kushuka mara mbili tatu, umefaulu. Ikibaki pale pale, iko ukingoni, sogeza mabawa nyuma kidogo. Ikiendelea kuinuka, rudi hangarini. Fanya hivyo hivyo kwa kulia na kushoto. Usiharakishe muda wakati wa jaribio, kwa sababu mchezo ukikimbizwa mara nne ndege hulegea na kutikisika hata ikiwa nzuri.

Na ikitokea imeshakupinduka safarini: kata injini, zima SAS, achia kijiti kabisa. Kung'ang'ana kunaizungusha zaidi. Kama umeshaboresha jengo la utafiti unaweza kuhamisha mafuta yaliyobaki kwenda tangi la mbele ikiwa bado inaanguka, na mara nyingi hilo peke yake hurudisha pua chini. Pua ikishaelekea ardhini na kasi ikaongezeka, washa injini na vuta taratibu. Hili limeniokoa mara mbili nikiwa juu ya maji.

Fanya lile jaribio la matangi matupu leo, kisha uweke hapa picha ya ndege kwa ubavu, mipira yote mitatu ionekane, moja ikiwa imejaa mafuta na nyingine ikiwa tupu. Kama mabawa yanatakiwa kurudi nyuma, nitakuonyesha kwa kiasi gani.