Maswali na majibu: Roboti wanaotania sinema mbovu

Katika safu iliyopita nilikitaja kwa mistari miwili kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Mystery Science Theater 3000, nikapita. Maswali yaliyokuja yamezidi yale ya mada yenyewe, kwa hiyo leo nafasi yote ni ya kipindi hicho. Nakipenda kwa dhati, na nashukuru mmeuliza.

Shikamoo. Umetaja kipindi cha watu wanaocheka filamu mbovu. Ni kitu gani hasa? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Piga picha umekaa nyuma kwenye ukumbi wa sinema. Chini ya skrini, upande wa kulia, unaona safu ya viti na vivuli vitatu: mtu mmoja na roboti wawili wadogo. Filamu inaonyeshwa, na wao wanaisemesha. Mwigizaji akikaa kimya kupita kiasi, wanamjazia maneno. Nyoka wa mpira akivutwa kwa uzi, wanauona uzi kabla yako.

Kisa chake ni chepesi. Mfanyakazi wa kawaida amerushwa angani na wanasayansi waovu, amefungiwa kwenye chombo kiitwacho Satellite of Love, na kila wiki anatumiwa filamu mbaya ili waone akili yake itastahimili mpaka wapi. Amejiundia roboti kwa sababu ya upweke. Mwanzilishi ni Joel Hodgson, mchekeshaji wa jukwaani, ambaye ndiye aliyemwigiza mfanyakazi huyo mwanzoni, na kipindi kilianza Novemba 24, 1988, siku ya sikukuu ya Shukrani, kwenye KTMA, kituo kidogo cha Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Kituo kilikuwa na filamu za zamani kabatini na hakikuwa na pesa. Joel akaomba hizohizo filamu.

Wanasema kiligharimu pesa kidogo sana. Kidogo kiasi gani, na walifanyaje? (Fundi seremala, Mombasa)

Wewe fundi utakifurahia kipindi hiki kuliko sisi wengine, maana Joel ni mtu wa mikono. Mtazame Crow, yule roboti wa rangi ya dhahabu. Mdomo wake ni pini ya plastiki ya mchezo wa bowling iliyopasuliwa katikati. Macho ni mipira ya ping-pong. Kile kinachosimama nyuma ya kichwa kama wavu ni kinga ya uso ya wanamichezo, na mikono imetoka kwenye taa ya mezani. Mwenzake, Tom Servo, kichwa chake ni lile tufe linalopitisha mwanga la mashine ya kutolea peremende, na sketi yake ni bakuli la sikukuu ya Halloween.

Vile viti unavyoviona ni ubao mwepesi mweusi uliokatwa umbo la migongo ya viti. Waendesha vikaragosi wanajibanza chini yake, mbele yao ukuta mweupe, halafu picha ya vivuli inawekwa juu ya picha ya filamu. Basi. Hakuna jengo la sinema wala safu za viti.

Kuna jambo moja dogo ambalo kila nikiliona nasimama nalo. Servo hana miguu, anaelea, na hadithi inasema hawezi kuvuka mlango wa ukumbi mwenyewe. Kwa hiyo kila wanapoingia kutazama, yule binadamu anambeba mikononi na kumkalisha kwenye kiti chake. Wakimaliza anambeba tena kumtoa. Hawalisemei kitu. Kwangu mimi hiyo sekunde mbili inaeleza kipindi chote kilivyo.

Zile kejeli wanazitoa kichwani papo hapo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kule KTMA mwanzoni, ndiyo, kwa sehemu kubwa walikuwa wanajibu filamu inavyokwenda, na ukiwatazama utaona kuna vipande virefu vya ukimya. Walipopata nafasi kwenye televisheni ya kebo mwaka 1989 wakabadilisha utaratibu. Waandishi walikaa chumba kimoja, wakaitazama filamu kwa vipande, wakisimamisha na kurudisha nyuma, kila mtu akirusha utani wake huku mmoja anaandika pamoja na dakika na sekunde ya mahali unapoingia. Halafu wakachuja, wakafanya mazoezi, ndipo wakarekodi. Utani ukichelewa nusu sekunde unaangukia juu ya maneno ya mwigizaji, na wote wawili wanapotea. Kinachoonekana kama porojo za barazani ni kazi ya mezani ya siku nyingi.

Mimi kipindi hiki kinanikera. Mtu kahangaika katengeneza filamu, halafu wengine wanakula mkate kwa kumcheka. Hiyo si dharau? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Mama, swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii. Nitajibu kwa filamu moja.

Mwaka 1966 huko El Paso, Texas, mtu aliyekuwa muuza mbolea, Harold P. Warren, aliwekeana dau na mwandishi mmoja wa Hollywood kwamba hata yeye anaweza kutengeneza filamu ya kutisha. Akakusanya watu wa maigizo ya mjini kwao na dola 19,000 hivi, akatengeneza Manos: The Hands of Fate. Kamera yake ilikuwa ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani, na haikuweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo. Haikurekodi sauti kabisa. Sauti zote ziliingizwa baadaye studio na watu wachache waliogawana wahusika wote. Walipiga picha usiku, wadudu wakafuata taa, na kwenye filamu unawaona wakizunguka nyuso za waigizaji. Ilipozinduliwa palepale El Paso, watu waliicheka. Yule mtoto mdogo aliyeigiza ndani yake alisikia mdomo wake unatoa sauti ya mtu mzima asiyemjua, akaangua kilio.

Baada ya hapo filamu ikafa. Ilikaa miaka zaidi ya ishirini bila mtu kuiulizia. Frank Conniff, mwandishi wa kipindi ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kuchambua marundo ya kanda, akaikuta. Wakaionyesha Januari 1993, na humo ndani hata wale wanasayansi waovu wanamwomba mfungwa wao msamaha kwa kumtumia kitu kibaya namna ile. Tangu siku hiyo Manos haijasahaulika. Imepata wapenzi, nakala yake ya awali iliyotumika wakati wa kuihariri iliokotwa mwaka 2011 ikasafishwa fremu kwa fremu, na yule mtoto aliyelia, sasa mtu mzima, amekutana na mashabiki wanaomshukuru.

Sisi tunao utani, Mama. Mzaramo na Mnyamwezi wanatupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patawaka moto. Lakini ukifiwa, mtani wako ndiye anakuja kwanza, anaosha vyombo, anachimba kaburi, na anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mwenye dharau haji msibani. Haya ndiyo ninayoyaona kwenye kipindi hiki. Mwenye dharau angezima televisheni dakika ya kumi na kusema filamu ni takataka. Hawa wanakaa mpaka jina la mwisho linapita. Wameitazama filamu ya Warren mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyeisifu.

Sitakuficha kwamba kuna vipindi walivyoteleza. Utani juu ya umbo la mwigizaji, hasa wa kike, upo, na ule siutetei. Hata kwa watani wetu kuna mstari. Lakini sehemu kubwa ya kejeli zao ni juu ya kazi: taa, maandishi, uvivu wa mwongozaji, hadithi isiyoshikamana. Hayo fundi yeyote anaambiwa.

Joel au Mike, nani bora kukaa kitini na roboti? (Msomaji, Nairobi)

Joel, ingawa Mike Nelson ndiye aliyekuwa kiongozi wa waandishi na sehemu kubwa ya utani mliousifia mdomoni mwa Joel ilipita kwenye mikono yake. Joel aliondoka mwaka 1993 na Mike akakaa kitini mpaka 1999. Joel ana upole wa baba aliyetengeneza watoto wake mwenyewe. Mike ni kaka yao mkubwa.

Mbona haya sisi tunayo? DJ Afro anafanya nini tofauti? (Kijana wa bodaboda, Nakuru)

Umenigusa penyewe. Nimekulia kwenye banda la video la mabati, mabenchi ya mbao, jua likipenya kwenye matundu ya misumari na kuweka vidoa vya mwanga kwenye skrini. Filamu ni ya Hong Kong, lugha hakuna anayeijua. Benchi la mbele kulikuwa na mtu mzima mmoja, dereva wa lori, aliyejipa kazi ya kutueleza. Alijua nani adui, nani msaliti, na alituhakikishia kila mara kwamba steringi hafi. Akikosea, banda zima linamzomea, naye anasahihisha hadithi palepale bila kuona haya.

Kutoka kwenye mabenchi kama yale ndiko walikotoka wakalimani wa filamu. Dar es Salaam kulisikika sauti ya Lufufu, Kenya DJ Afro, na Uganda wako wale waitwao VJ, ambao huingiza sauti yao ndani ya banda watu wakiwa wamejaa. Pale Wakaliga, Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana alipotoa filamu yake Who Killed Captain Alex mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikaingizwa ndani, na leo watu wa nchi za mbali wanaitazama filamu hiyo pamoja na utani wake, haitenganishwi.

Tofauti ni hii. Mkalimani wetu anampa mtazamaji kitu asichokuwa nacho, yaani maana. Bila yeye wengi hawaelewi. Kwa hiyo yuko upande wa filamu, anaipigia debe, na steringi akipiga teke yeye ndiye anayeshangilia kwanza. Wale wa Minnesota watazamaji wao wanaelewa kila neno. Wanachowapa ni wenzao wa kukaa nao. Ndiyo maana wameweka vivuli ndani ya picha, ili mtu anayetazama peke yake usiku ahisi mabega ya watu mbele yake. Kwa ufundi wa kutengeneza hadithi papo kwa papo, mkalimani wa banda ana kazi ngumu zaidi, na nasema hivi nikiwa naipenda kazi ya pande zote mbili.

Kilikufa kwa nini, na kilirudi vipi? (Msomaji anayeishi Minneapolis)

Wewe uko nyumbani kwake kabisa. Comedy Central, kituo cha kebo kilichokuwa kinakionyesha, ilikiacha mwaka 1996, mashabiki wakaandika barua kwa wingi, Sci-Fi Channel ikakichukua kuanzia 1997, nayo ikakifunga Agosti 1999. Kilichokiokoa ni kanda za VHS. Kwa miaka mingi majina ya mwisho wa kipindi yalikuwa yanawaomba watazamaji waendelee kuzungusha kanda, nao walirekodi, wakanakili, wakatumiana kwa posta. Mwaka 2015 Joel aliomba mchango wa umma: dola milioni 2 kwa vipindi vitatu. Watu 48,270 walichanga zaidi ya dola milioni 5.7, na vipindi 14 vikatengenezwa, vikaonyeshwa Netflix kuanzia Aprili 2017, mtangazaji akiwa Jonah Ray.

Sisi ni vijana watano, tunataka kufanya hivi kwa filamu za Bongo. Tutafungwa? (Kikundi cha sanaa, Mwanza)

Kufungwa sijui niwatishe kwa nini, lakini haki ya filamu ni ya mwenyewe, na kuisemea juu hakuifanyi iwe yenu. Hata wakubwa wamekwama hapo. Mwaka 2006 seti moja ya DVD za kipindi hiki iliondolewa madukani kwa sababu ya mgogoro wa haki za filamu ya Godzilla iliyokuwa ndani. Fanyeni moja kati ya mawili. Nendeni kwa mtengenezaji mwenyewe, mwombeni kwa maandishi, na mkaribisheni aketi nanyi. Wapo watakaokubali, hasa wa filamu za zamani zisizouzika tena. Au fanyeni walivyofanya Mike Nelson na wenzake walipoanzisha RiffTrax mwaka 2006: waliuza sauti yao peke yake, mtazamaji akatafuta filamu kivyake na kucheza vyote kwa pamoja. Kabla ya kutoza senti hata moja, piteni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, muulize.

Na tafadhali, andikeni. Msiwashe maikrofoni mkitegemea vichwa.

Mzee wangu ana miaka 70 na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nimwonyeshe kipi nikae naye? (Binti, Zanzibar)

Manos usianze nayo, inakwenda polepole mno, atalala. Mtafutie zile filamu za Kijapani za Gamera walizozitania mwaka 1991. Gamera ni kobe mkubwa kama jumba. Akitaka kuruka anaingiza miguu ndani ya gamba, moto unatoka kwenye matundu, anaanza kuzunguka kama sahani na kupaa. Mzee aliyekua na ngano za kobe hatahitaji maelezo yoyote hapo. Wewe kaa upande wa sikio lake linalosikia vizuri, mtafsirie ule utani unaokuchekesha wewe tu, na akianza kusema vya kwake, nyamaza umsikilize yeye.