Kabla hujasema wanaume wa kaunti yako wanaisha kwa saratani

Kila jedwali la vifo vya saratani likitoka, ramani ya kaunti 47 hupakwa rangi, nyekundu huku, manjano kule, na kabla ya jua kutua redio za mashinani zimeshatoa hukumu: wanaume wa kaunti fulani wanaisha. Kaunti jirani iliyopakwa kijani inashusha pumzi. Ushauri wetu kwa zote mbili ni kwamba zisubiri kwanza. Tofauti ya vifo kati ya wanaume wa mjini na wa mashambani ipo, hatubishi. Lakini namba ya kifo hupita mikono mingi kabla ya kufika kwenye ramani, na mara nyingi kaunti inayoonekana salama ni ile ambayo vifo vyake viliandikwa kwa jina lingine, au havikuandikwa kabisa.

Anza na karatasi. Nchini Kenya mtu akifia hospitalini, kifo chake kinaingia kwenye fomu D1, na chanzo kinaandikwa na mhudumu wa afya. Akifia nyumbani ni fomu D2, na kalamu iko mkononi mwa naibu wa chifu. Naibu wa chifu si daktari. Anafanya anachoweza: anaiuliza familia mzee alikuwa anaumwa nini. "Tumbo." "Chakula kilikuwa hakipiti." "Uzee tu, alikuwa amechoka." Anaandika alichoambiwa, anatoa kibali cha mazishi, mambo yanaisha. Kwa njia hiyo mwanamume aliyekaa miezi minne akishindwa kumeza ugali, aliyekufa kwa saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) waziwazi kabisa, anaingia kwenye hesabu za taifa kama mtu wa vidonda vya tumbo. Wanaume wengi wa mashambani hufia nyumbani, kwa hiyo kosa hili haligawanyiki sawa. Linaiangukia kaunti ya mashambani kuliko Nairobi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza aliyekuletea jedwali ni hili: vifo vingapi kati ya hivi vimetoka D1, na vingapi D2? Ikiwa D2 ni nyingi na saratani ni chache, hiyo si habari njema. Pia angalia mafungu ya takataka, yaani yale yasiyosema ugonjwa halisi. Katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-10, saratani ya umio ni C15, tezi dume ni C61, mapafu ni C34. Halafu kuna C80, saratani ambayo haijulikani ilianzia wapi, R54, uzee, na R99, chanzo hakikujulikana. Kaunti ambayo wanaume wake wengi wamejaa kwenye R54 na R99 haina haki ya kujisifu kwamba C61 yake ni ndogo.

D1 nayo isikulaze usingizi. Sehemu ya chanzo cha kifo inajazwa kama ngazi: juu kabisa kilichomuua moja kwa moja, chini yake kilicholeta hicho, chini zaidi mzizi wenyewe. Mgonjwa wa tezi dume anaweza kuandikwa hivi: figo kufeli, kwa sababu njia ya mkojo iliziba, kwa sababu ya saratani ya tezi dume. Takwimu huchukua ule mstari wa chini. Sasa daktari wa zamu, saa tisa usiku, anaandika mstari mmoja tu, "figo kufeli", au "moyo kusimama" (moyo wa nani husimama kabla hajafa?), na saratani imeshapotea. Afisa wa kumbukumbu za hospitali akirudisha fomu za mstari mmoja kila Ijumaa zijazwe upya faili lingali mezani, namba za mwaka zitabadilika. Ni kazi ya saa moja.

Kisha kuna suala la mahali. Je, kifo kimehesabiwa pale kilipotokea au pale marehemu alipokuwa akiishi? Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa peke yake kati ya hospitali za umma yenye mashine za mionzi. Mwanamume wa Kitui au Makueni alikuja huko, akafa huko, na kama jedwali linafuata mahali pa kifo, amekuwa kifo cha Nairobi. Mjini kunaonekana kunaua, Kitui kunaonekana salama. Rejista ya saratani ya watu wa eneo fulani inapaswa kuhesabu wakazi tu, na rejista za Nairobi na Eldoret ndizo kongwe nchini kwa kazi hiyo. Lakini hata hapo mgonjwa akiulizwa anakaa wapi hutaja kwa shemeji yake alikofikia, Kayole au Githurai. Swali linalofaa kwenye dawati la mapokezi si "unakaa wapi?" Uliza: "Miezi sita iliyopita ulikuwa unalala wapi?"

Sasa umri, ambapo hata watu wenye shahada huteleza. Vijana wameenda mjini kutafuta, wazee wamebaki nyumbani, na saratani hupenda wazee. Chukua mfano wa kubuni. Mjini kuna wanaume 1,000,000, kati yao 30,000 wana miaka 60 na zaidi. Kaunti ya mashambani ina wanaume 200,000, kati yao wazee ni 16,000. Tuseme hatari ni ileile kila mahali: vifo 20 kwa kila 100,000 walio chini ya miaka 60, na 500 kwa kila 100,000 walio juu. Mjini utapata vifo 194 vya vijana na 150 vya wazee, jumla 344, yaani 34 kwa kila 100,000. Mashambani utapata 37 na 80, jumla 117, yaani 58 kwa kila 100,000. Ukichora ramani, kijiji kimewaka moto, na hatari haijatofautiana hata chembe. Ukisawazisha umri, tuseme kwa kuchukulia kila mahali pana asilimia 5 ya wazee, zote mbili zinarudi kwenye 44. Jedwali lisilosema limesawazishwa umri, lirudishe kwa aliyelileta.

Na ukishasawazisha, uliza kwa kipimo cha nani. Marekani husawazisha kwa umri wa watu wake wa mwaka 2000, ambao ni wazee kuliko watu wa kipimo cha dunia kinachotumika kwenye makadirio ya kimataifa ya GLOBOCAN. Kiwango cha huku na cha kule haviwekwi kwenye mstari mmoja. Tumeona vikiwekwa, tena kwenye slaidi za mkutano.

Tukiwa tumeitaja GLOBOCAN: makadirio yake ya 2022 kwa Kenya ni wagonjwa wapya 44,726 na vifo 29,317, wanaume kwa wanawake. Hivyo vifo havikuhesabiwa kimoja kimoja; vimekadiriwa kutokana na rejista chache na uwezekano wa mgonjwa kuishi. Mtu akikuletea "vifo vya GLOBOCAN vya kaunti yetu", amegawanya tu namba ya taifa kwa idadi ya watu. Usiipeleke kwenye bajeti.

Kaunti yenye watu wachache ina tatizo lake la pekee. Lamu kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na watu 143,920, wanaume wakiwa karibu 76,000. Tuseme mwaka mmoja wanaume 20 wamekufa kwa saratani. Hicho ni kiwango cha 26 kwa kila 100,000, lakini kwa idadi ndogo hivyo, bahati tu inaruhusu hali halisi iwe popote kati ya vifo 12 na 31, yaani 16 hadi 41 kwa kila 100,000. Mwaka mmoja Lamu inaongoza, mwaka wa pili iko mkiani, na hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni kujumlisha miaka mitano. Vifo 100 kwa miaka mitano vinabana upana huo hadi kati ya 21 na 32 kwa kila 100,000. Wamarekani wana kanuni nzuri ya kuiga: hifadhidata ya vifo ya CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, huficha idadi yoyote iliyo chini ya 10, na kiwango kilichotokana na vifo pungufu ya 20 hupigwa alama kuwa hakiaminiki.

Huko Marekani, kwa kuwa karibu kila kifo kinaandikwa na kaunti zimepangwa kwa namba kutoka 1 hadi 9 (1 hadi 3 ni za miji mikubwa na viunga vyake, zinazobaki ni za nje), tofauti inaonekana bila ukungu. Mwaka 2011 hadi 2015 kaunti za mashambani zilikuwa na vifo 180 vya saratani kwa kila watu 100,000, za mijini 158, umri ukiwa umesawazishwa na jinsia zote pamoja. Vifo vilikuwa vinapungua kote, asilimia 1.6 kwa mwaka mijini na 1.0 mashambani, kwa hiyo pengo lilizidi kupanuka. Cha kutazama zaidi ni kwamba wagonjwa wapya mashambani walikuwa wachache kidogo kuliko mijini. Wanaugua wachache, wanakufa wengi. Sehemu ni aina ya saratani: uvutaji sigara uko juu zaidi mashambani, na saratani ya mapafu haina huruma. Sehemu nyingine ni kuchelewa.

Kwetu kugawa kaunti kuwa mjini na mashambani hakufanyi kazi vizuri hivyo. Nairobi na Mombasa ni miji mitupu. Lakini Uasin Gishu ina Eldoret katikati na mashamba ya mahindi pande zote, na Nakuru vivyo hivyo. Shuka hadi kaunti ndogo au wadi ukiweza. Wastani wa Nakuru hausemi lolote kuhusu mtu wa Kuresoi.

Tena tenganisha saratani. "Saratani zote, wanaume" ni mchuzi uliochanganywa. Tezi dume na umio ndizo zinazoongoza kwa wanaume wa Kenya, na tabia zao ni mbali na mbali. Umio una jiografia ya kweli: upande wa Bonde la Ufa, Bomet hasa, ugonjwa huu ni mwingi na huwakamata hata vijana wasiofika 30, jambo ambalo ni nadra sana kwingineko duniani. Sigara, pombe na chai ya moto kupita kiasi vimo kwenye orodha ya washukiwa. Vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 na shirika la utafiti wa saratani la IARC kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Lakini pia Bomet ina Hospitali ya Tenwek, ambayo imejenga uzoefu wa kuutafuta ugonjwa huu kwa kamera ya kooni. Palipo na kamera, umio una jina. Kaunti isiyo na kamera ina "vidonda vya tumbo".

Ukitaka kujua kwa nini wanaume wa kaunti yako wanakufa, usisubiri ramani ya mwakani. Chukua daftari, na kwa kila mgonjwa mpya wa kiume andika tarehe tano: dalili ya kwanza, kituo cha afya cha kwanza, siku kipande cha nyama kilipotolewa kupimwa, siku jibu lilipomfikia mgonjwa mwenyewe, na siku ya kwanza ya matibabu. Wagonjwa 30 wanatosha kukuonyesha siku zinalalia wapi.

Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili utakuta duka la dawa: mtu nyama inamkwama akimeza, anauziwa dawa ya asidi mwezi hadi mwezi, hadi uji nao unakataa. Mwambie mhudumu wa afya wa kijijini aulize jambo moja tu, "Chakula kinakwama ukimeza?" Jibu likiwa ndiyo, aandike rufaa ya kamera siku hiyohiyo, hata kama kiungulia kimetulia. Kwa saratani ya tezi dume ni vigumu zaidi, kwa sababu mwanzoni haina dalili. Lakini mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha ambaye ghafla miguu inalegea hapaswi kusubiri kliniki ya Jumanne. Huyo ni wa leo, kabla uti wa mgongo haujabanwa moja kwa moja.

Kati ya ya tatu na ya nne makosa ni ya chupa. Kipande kinatiwa kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, au fomalini inawekwa kidogo. Inatakiwa fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande chenyewe, na jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kipande kikioza njiani, mgonjwa anaitwa tena, na wa mbali mara nyingi harudi.

Kati ya ya nne na ya tano kuna nauli na pa kulala. Mionzi ya kutibu tezi dume ni vikao 20 hadi 39, siku tano kwa wiki, yaani wiki nne hadi nane mbali na shamba. Mashine sasa zipo pia nje ya Nairobi, Nakuru na Garissa zikiwemo, lakini kwa mtu wa Mandera hata Garissa ni safari ndefu, na bima inayolipia mionzi hailipii chumba cha kupanga. Andika kwenye daftari alikolala na aliyemlipia.

Utakuta baadhi ya mistari ina tarehe nne tu. Piga simu kwa familia. Na kama mzee ameshafariki, waombe wabebe jibu la kipimo cha nyama, au barua aliyopewa akitoka hospitalini, wampelekee naibu wa chifu kabla hajajaza ile D2.