Kwa Malindi, jipya la toleo la chini

Mhariri,

Swali lenu la wiki limeuliza: mwenye pesa za gari moja la umeme achukue jipya la toleo la chini kabisa, au lililotumika la toleo la kasi, bei ikiwa ni moja? Kwa anayekaa Malindi nasema jipya la toleo la chini, na si kwa kuogopa mtumba. Ni kwa sababu ya joto, chumvi na barabara, mambo ambayo muuzaji wa yadi hayataji.

Kwanza umbali, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanaona betri kubwa ya toleo la kasi, wanadhani litawafikisha mbali. Chukua gari la MG4, ambalo matoleo yake yanafanana umbo. La chini lina betri ya uniti 51 za umeme na mota moja ya kilowati 125 inayosukuma magurudumu ya nyuma. XPower, ndilo toleo la kasi lililotoka 2023, lina uniti 64, mota mbili na kilowati 320. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa hulichukua sekunde 3.8, mwenzake 7.7. Lakini kwa kipimo cha Ulaya cha WLTP, la chini linakwenda kilomita 350 na la kasi 385. Uniti 13 za ziada zimezaa kilomita 35 basi. Nyingine zimeliwa na uzito, mota ya pili na tairi pana.

Peleka hesabu hiyo barabarani. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, la chini likila uniti 16 kwa kila kilomita 100 utarudi nyumbani na kama uniti 12. La kasi likila 20 utarudi na 14 hivi, maana si uniti zote 64 zinazotumika. Na hapo ni kama dereva amejizuia. Mwenye kilowati 320 chini ya mguu hajizuii, kila lori mbele yake ni lazima alipite kama mshale.

Jambo zito zaidi ni betri yenyewe. Ile ya uniti 51 ni ya aina ya LFP, ya chuma na fosfati. Ya XPower ni ya nikeli, manganizi na kobalti. LFP huvumilia kujazwa hadi asilimia 100, tena inafaa ijazwe kamili kama mara moja kwa wiki, la sivyo kompyuta hupoteza hesabu ya chaji na gari linaweza kukuzimikia huku kioo kinasema bado ipo. Ya nikeli haitaki chaji nyingi na joto vikutane. Ukiijaza pomoni usiku, kisha gari likashinda juani Casuarina miezi ya kaskazi, seli huzeeka hata gari halijasogea. Betri hiyo husimamishwa kwenye asilimia 80, na 100 ni ya asubuhi ya safari tu. Wewe utafanya hivyo. Mwenye gari wa kwanza alifanya? Hakuna kitabu cha huduma kinachoandika hayo.

Mtego mwingine ni Nissan Leaf Nismo kutoka Japani, la 2018 kuja huku. Lina jina la mashindano, utepe mwekundu, saspensheni ngumu na tairi za inchi 18, lakini betri ni ileile ya uniti 40 na mota ileile ya kilowati 110 ya Leaf ya kawaida. Tena betri ya Leaf hiyo haipozwi kwa maji. Inategemea hewa inayopita nje, na hewa ya huku tunaijua. Kulipa zaidi kwa hilo ni kununua rangi.

Ukiwa umeshikilia mtumba, basi kagua hivi. Kwa Leaf, chomeka kifaa cha Bluetooth kwenye tundu la OBD, lile la mafundi kusomea kompyuta ya gari, na ufungue programu ya LeafSpy. Tazama asilimia ya afya ya betri na idadi ya chaji za haraka, kisha endesha chaji ikiwa chini ya asilimia 20 huku ukikanyaga pedali kwa nguvu: seli moja ikianguka volti peke yake wenzake wakiwa wamesimama, achana nalo. Vile vijiti 12 kwenye dashibodi visikutulize, maana cha kwanza hakizimiki mpaka betri imepoteza kama asilimia 15. Kwa gari lolote, pandisha kwenye jeki ya karakana uangalie sinia ya betri kama imebonyea, na ncha za nyaya za rangi ya machungwa kama zina kutu ya kijani. Jaribu chaji ya nyumbani na ya haraka, zote mbili. Kwa chaji ya haraka, la Japani huwa na tundu la CHAdeMO, la Uingereza mara nyingi CCS2. Ulizia kwanza chaja utakazozitegemea zina kichwa kipi. Na likizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, Kenya haliingii.

Tairi nazo! Tesla Model 3 Performance ya kabla ya 2024 huvaa 235/35 R20, la kawaida 235/45 R18. Ukuta wa tairi ya kwanza una milimita 82, wa ya pili 106. Kwenye shimo lenye ncha za matumbawe, milimita hizo 24 ndizo zinazotenganisha mtikisiko na rimu iliyopinda. Kwa breki, gari la umeme hupunguza mwendo kwa mota, hivyo diski hazisuguliwi sana, na kwa hewa ya bahari hushika kutu upesi. Diski kubwa za toleo la kasi ni ghali zaidi kubadilisha. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, weka gia huru na ufunge breki kwa nguvu mara kadhaa.

Toleo la chini huwa halina pampu ya joto ya kupashia gari wala viti vya kupasha. Malindi, nani anavihitaji!

Kwa chaji ya nyumbani, soketi ya kawaida ukiiwekea ampea 10 hutoa kilowati 2.4: kutoka asilimia 20 hadi 80 ya betri ya uniti 51 ni kama saa 14, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Chaja ya ukutani ya ampea 32 humaliza kwa saa tano hivi, kwa waya wa milimita 6 za mraba, au 10 kama mita iko mbali. Kinachosumbua zaidi huku ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mchanga mkavu juu ya mwamba wa matumbawe hauishiki, na chaja nyingi hukataa kabisa kuwaka. Fundi aje na kipimo cha ethi, asikisie, na akiona ukinzani uko juu aongeze fimbo ya pili na ya tatu, zikiachana angalau kwa urefu wa fimbo moja.